Hawa Wanataja Magari

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Asifiwe tena. Baba mchungaji asante sana kwa nafasi, mama mchungaji shikamoo, wazee wangu wa baraza shikamooni, na nyie vijana mliokosa viti mkakaa huko nje chini ya turubai nawaona, Mungu awabariki, hebu geuzeni hiyo spika iwaangalie wasikie vizuri.

Nimepewa somo linaitwa Imani Inayodumu. Mnanifahamu, mimi ni mzee wa kanisa na kazi yangu ni kuuza spea za magari pale mtaa wa Gerezani hapa Dar, kwa hiyo leo nitaongea habari za Mungu kupitia kitu ninachokishika kila siku na naamini Roho Mtakatifu atatufikisha. Fungueni Zaburi ya 20 mstari wa 7. "Hawa wanataja magari na hawa farasi, bali sisi tutalitaja jina la BWANA, Mungu wetu." Endelea wa 8, "Wao wameinama na kuanguka, bali sisi tumeinuka na kusimama."

Sasa hiyo zaburi ni maombi ya kumuombea mfalme anapoenda vitani, na kipindi hicho gari halikuwa la kwendea kazini, lilikuwa la vita, linavutwa na farasi, na nchi yenye magari mengi ndo ilikuwa inaogopwa. Alafu yalikuwa ghali. 1 Wafalme 10 inatupa mpaka bei, gari moja kutoka Misri shekeli 600 za fedha, farasi 150, na Sulemani alikuwa nayo magari 1,400. Absalomu alipotaka kumpindua baba yake alianza na nini? Hakuanza na jeshi jamani, alianza na msafara! 2 Samweli 15 mstari wa kwanza kabisa, akajiwekea gari na farasi na watu hamsini wapige mbio mbele yake, watu wakiona wanasema huyu ndo mkubwa. Na mwisho wake mnaujua, kichwa kimenasa kwenye mwaloni ananing'inia, na siku hiyo hata gari hakuwa nalo, alikuwa kapanda nyumbu. Na yule Sisera wa Waamuzi 4, magari ya chuma 900, amewaonea Israeli miaka ishirini, lakini mstari wa 15 unasema akashuka katika gari lake akakimbia kwa miguu. Mwenye magari mia tisa, anakimbia kwa miguu. Huo mstari huwa nausoma taratibu sana.

Twende kwenye haya ya kwetu. Wazee mliopo hapa mnaikumbuka Peugeot 504. Ilitoka mwaka 1968, mwaka 1969 ikachaguliwa gari bora la mwaka huko Ulaya, huku kwetu ikashinda Safari Rally mwaka 1975 na ikashinda tena 1978, na 404 iliyoitangulia ilikuwa imeshashinda mara nne. Kenya ile stesheni wagoni yake ndo ilikuwa matatu ya safari ndefu, na pale Mombasa kulikuwa na kiwanda cha kuziunganisha. Ukiwa na 504 miaka hiyo we ni mtu, unaheshimika, ukipita kijijini watoto wanakimbiza vumbi lako mpaka mwisho wa mashamba.

Sasa alikuja dukani baba mmoja mtu mzima sana, ameshika pampu ya maji ya 504 imefungwa kwenye gazeti. Akaifungua juu ya kaunta pale. Beringi ina uchezi, ukiitingisha inagonga, yale mapanga ya ndani yameliwa na kutu yamebaki membamba ungeweza kuyavunja kwa kidole, na pale kwenye gasketi silikoni imepakwa juu ya silikoni mpaka imekuwa nene kupita gasketi yenyewe. Hiyo gari anaipenda, ameitunza, bodi haina kutu, injini inawaka asubuhi bila kusukumwa. Nikapiga simu kwa wauza spea wenzangu wa Shauri Moyo, nikampigia jamaa yangu muuza spea wa Grogan kule Nairobi, hamna. Ikabidi tumpeleke kwa fundi mchongaji akamlazimishia beringi ya gari nyingine, itamsogeza, ila sio yenyewe na yeye mwenyewe anajua sio yenyewe.

Nataka mlione hilo. Shida haikuwa kwa yule baba, na wala haikuwa kwa gari. Shida ni kwamba aliyeitengeneza ameshaacha. Ulaya 504 ya saluni waliacha kuitengeneza mwaka 1983, kiwanda kikageukia modo nyingine, na baada ya hapo kila anayeipenda anahangaika mwenyewe. Gari haifi siku injini inapozima, gari inakufa siku aliyeitengeneza anaposema basi, na kuanzia hapo unaweza ukawa na pesa, ukawa na fundi hodari, ukawa na mapenzi yote, unapambana na kitu ambacho mwenyewe ameshakiacha.

Na sio Peugeot peke yake. Volkswagen ile ya mgongo wa kobe zimetengenezwa zaidi ya milioni 21, dunia nzima inaijua, ya mwisho ikatoka kiwandani Puebla nchini Mexico tarehe 30 Julai 2003, wakaipigia na muziki wa mariachi, wakaipeleka makumbusho Ujerumani. Mwaka huo huo tarehe 24 Oktoba ikatua London ndege ya Concorde na abiria kwa mara ya mwisho, ndege iliyokuwa inavuka bahari mpaka New York kwa masaa kama matatu na nusu, inakimbia mara mbili ya mwendo wa sauti, wanaipanda matajiri na mastaa, na leo hii hakuna tajiri duniani ambaye pesa yake inaweza kumnunulia tiketi ya Concorde. Hapa Dar mliokuwepo mnayakumbuka yale mabasi marefu ya UDA, shirika la usafiri la mji, Ikarus kumbakumba, yanakunja kona katikati yana kama kodiani, tulikuwa tunagombania kukaa pale kwenye maungio. Yako wapi? Na vijana, ile Mark X mnayoisumbukia na kuiwekea picha kwenye status, Toyota waliacha kuitengeneza Desemba 2019. Mnaitafuta gari ambayo mwenyewe ameshafunga kitabu chake.

Ndugu zetu Wakenya nao walijaribu kitu kikubwa na mimi nawaheshimu kwa hilo. Mwaka 1986 Rais Moi aliwaagiza Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari la kwao, wakafanya kazi kweli kweli, mwaka 1990 likazinduliwa, Nyayo Pioneer, magari matano ya majaribio, linafika kilomita 120 kwa saa. Amri ya rais, wasomi wa chuo kikuu, na taifa zima linashangilia. Halikuwahi kuingia sokoni kwa sababu pesa za viwanda hazikupatikana. Neno la mtu, hata awe rais, linaenda mpaka pale nguvu zake zinapoishia, na hapo sijasema kwa kumdharau mtu yeyote, ndo ubinadamu ulivyo.

Sasa niseme na kina baba. Kuna wakati tulinunua Benzi ya zamani kwenye mnada, tuichinje tuuze spea. Ilikuwa ya mkubwa fulani enzi hizo. Viti vya nyuma bado vina pazia, na mbele juu ya madigadi kuna kile kishikio cha bendera, kidogo tu, cha chuma cheupe kisichoshika kutu, kimefungwa na nati mbili. Kijana wangu wa dukani akakifungua kwa spana namba kumi akaniuliza mzee hiki tunauza shilingi ngapi. Hakina bei wapendwa. Taa ilipata mteja, gia boksi ikapata mteja, mpaka vitasa vya milango vikapata wateja, lakini kile kitu ambacho watu walikuwa wanakisimamia barabarani, polisi anapiga saluti, magari yanasogea pembeni, hicho hakikuwa na mteja. Nikakitia kwenye ndoo ya chuma chakavu.

Nimekaa na wastaafu wengi humu kanisani na kwenye mtaa wangu. Mtu alikuwa na dereva, ana shangingi lina namba za serikali, simu tatu haziachi kulia, Krismasi mbuzi zinaletwa mpaka anagawa. Wiki ya kwanza baada ya kustaafu simu zinapungua. Mwezi wa tatu anaijaribu mwenyewe kwa kujipigia aone kama mtandao upo. Mnacheka lakini ni kweli na inaumiza sana, kuna baba aliniambia hayo huku machozi yanamtoka, anasema mzee mwenzangu mimi nilidhani wananipenda. Dunia ina kawaida yake hiyo, inakutaja ukiwa na modo mpya, hata kwenye namba za magari tumeanza kujivunia namba C, ikaja D, sasa hivi usipokuwa na namba E watu wanakuuliza bado unayo ile ya zamani? 1 Petro 1:24, "Mwili wote ni kama majani, na fahari yake yote ni kama ua la majani." Anasema FAHARI YAKE YOTE. Hajasema baadhi.

Kwa hao kina baba nina andiko ambalo naomba mliandike mahali, Isaya 46 mstari wa 4. "Na hata uzee wenu mimi ndiye, na hata wakati wenu wa mvi nitawachukueni, nimefanya, nami nitachukua, naam, nitachukua na kuokoa." Haleluya! Umesikia hapo? Nimefanya, nami nitachukua! Yule aliyekutengeneza hajakuacha kwa sababu umezeeka, hajahamia kwenye modo mpya, hajafunga kitabu chako. Peugeot waliacha, Volkswagen waliacha, Toyota wanaacha kila mwaka na sio kosa lao ni biashara, lakini Mungu anasema mimi niliyefanya ndo mimi nitakayebeba. Ndo maana nasema imani ya Mkristo haidumu kwa sababu Mkristo ni imara. Hapana. Mimi najijua, wewe unajijua, tunatetereka, tuna siku hatuombi, tuna siku tunakasirika na Mungu. Imani inadumu kwa sababu aliyeianzisha yupo na anaendelea na kazi. Wafilipi 1:6, yeye aliyeanza kazi njema mioyoni mwenu ataimaliza. Waebrania 13:8, Yesu Kristo ni yeye yule, jana na leo na hata milele.

Ila tusidanganyane, kuna mtu ataniuliza, mzee mbona kuna makanisa yamekufa? Ni swali zuri na tusilikimbie. Kanisa la Efeso Bwana aliliambia wazi kwenye Ufunuo 2 kwamba lisipotubu atakiondoa kinara chake, na leo ukienda Efeso unakuta magofu na watalii. Afrika ya kaskazini, kule Hippo alikokuwa askofu Agostino, alikufa mwaka 430 mji wake ukiwa umezingirwa na Wavandali, wavamizi kutoka Ulaya, na kanisa lile lililokuwa na maaskofu mamia likaja kufifia likaisha. Nubia, hapo Sudan, kulikuwa na falme za Kikristo karibu miaka elfu, zina makanisa yamechorwa kuta nzima, zikaisha. Kwa hiyo jengo linaweza kuisha. Dhehebu linaweza kuisha. Hata kanisa letu hili na bati zake mpya, mkituuliza sisi wazee, hatuna ahadi ya kwamba litakuwepo miaka mia mbili. Ahadi iko kwa Kristo, na kwa yeyote aliye ndani yake.

Na nikitaka kuona ahadi hiyo inavyofanya kazi mimi huwa naangalia Uganda. Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alikuwa kijana mwenye ufalme mkubwa, akitamka neno mtu anakufa, na tarehe 3 Juni 1886 pale Namugongo wakachomwa moto vijana wa ikulu yake mwenyewe, Karoli Lwanga na wenzake, Wakatoliki na Waanglikana, kwa sababu wamekataa kumkana Yesu. Ukisimama siku hiyo unasema nani ameshinda? Mfalme yuko kwenye kiti, hao vijana ni majivu. Miaka kumi na tatu baadaye, 1899, Mwanga akakamatwa na Waingereza akapelekwa uhamishoni Seychelles pamoja na Kabalega wa Bunyoro, ufalme hana, msafara hana, wapiga ngoma hana. Na kule kisiwani akabatizwa. Yule mfalme aliyewachoma Wakristo akabatizwa kwa jina la Danieli, na akafa mwaka 1903 ana jina la Biblia. Mimi nikifika hapo huwa nashindwa kuendelea. Imani ya vijana aliowachoma haikuishia Namugongo, ilimfuata mpaka katikati ya bahari ikamkuta hana gari, hana farasi, hana kitu, ikampokea. Na mpaka leo kila tarehe 3 Juni watu wanatembea kwa miguu siku nyingi kutoka Kenya, kutoka huku kwetu Tanzania, kwenda pale Namugongo.

Kuna kitu kimoja tena cha magari lazima nikiseme kwa sababu kinatuhusu sisi makanisa ya sasa hivi. Land Rover ile ngumu, wazee wanaiita wan-o-naini, ile ya mission na ya polisi na ya kubeba watu kwenda milimani, ilianza mwaka 1948, na Defender ya mwisho ya aina ile ikatoka kiwandani Solihull Uingereza tarehe 29 Januari 2016, zaidi ya milioni mbili zimeshatengenezwa. Watu walilia. Baada ya miaka kama mitatu hivi jina likarudi, Defender mpya, nzuri, ya kisasa, ina skrini, ina viti vya ngozi. Lakini fundi akiingia uvunguni haikuti ile chesesi. Ile chesesi ya ngazi, vile vyuma viwili virefu vilivyokuwa vinabeba kila kitu, haipo, bodi ndo inajibeba yenyewe. Sisemi ni gari mbaya, ni gari nzuri. Nasema jina ni lile lile, ila kilichokuwa kinabeba kimeondolewa, na spea ya ile ya zamani haiingii kwenye hii.

Sasa wapendwa kuna ukristo wa namna hiyo umeingia. Kibao kimeandikwa jina la Yesu, muziki upo, taa zipo, lakini msalaba umetolewa chini yake. Toba haihubiriwi. Watu wanaitwa waje na funguo za magari zipakwe mafuta, waje na picha ya gari wanalolitaka waliwekee mikono, na asiyelipata anaambiwa imani yako ndogo toa sadaka nyingine. Hilo linaniuma kuliko vyote, nalisema nikiwa muuza spea ambaye magari ndo yananilisha mimi na wanangu! Hao ndo Zaburi ya 20 inawasema, wanataja magari, tena wanayataja madhabahuni kwa jina la Bwana. Paulo alimwambia Timotheo watakuwepo "wenye mfano wa utauwa, lakini wakikana nguvu zake", na akamwambia hao ujiepushe nao. Dada yangu uliyekopa vikoba ukatoe sadaka ya gari, njoo tuongee na wazee baada ya ibada, hutahukumiwa na mtu, tutakusaidia kulipa hilo deni pole pole, ila usirudi kule.

Imani inayodumu mimi nimeiona inapita njia nyingine kabisa, ya kimya. 2 Timotheo 1:5, Paulo anamkumbusha Timotheo imani "ambayo ilikaa kwanza katika bibi yako Loisi, na katika mama yako Eunike". Huyo bibi Loisi hatuambiwi alikuwa na nini, hatujui nyumba yake wala mali yake, hakuna msafara uliopita kwake. Tunaambiwa imani ilikaa kwake. Alafu ikakaa kwa binti yake, alafu kwa mjukuu, na huyo mjukuu akaandikiwa barua tunazozisoma mpaka leo. Hapa ndani kuna watu mmeokoka kwa sababu ya bibi aliyekuwa anawaamsha saa kumi na moja alfajiri muombe pamoja kabla hajaenda shamba, na mlikuwa mnasinzia, na alikuwa anaendelea tu. Baba unayehangaika usiku na mchana umwachie mwanao nyumba na gari, mwachie, ni vizuri, lakini jiulize hiyo gari itakuwa wapi akifika umri wako. Mimi nakwambia itakuwa wapi kwa sababu mimi ndo nayanunua hayo magari yakifika mwisho, kwa kilo.

Nimalizie na swali la kijana mmoja, aliniuliza hapo nje kabla hatujaanza, anasema mzee kwa hiyo mimi niliyekuwa naweka hela ya gari niache? Hapana mwanangu, weka, nunua, na ukitaka spea orijino njoo kwangu. Soma Matendo 8. Yule towashi Mkushi alikuwa waziri wa hazina wa Kandake, malkia wa Wakushi, amekaa garini mwake anasoma nabii Isaya. Roho hakumwambia Filipo kamwambie ashuke aliuze gari lake. Alimwambia sogea ukashikamane na gari hili, na Filipo akapanda akakaa naye, akaanzia andiko lile lile akamhubiria habari njema za Yesu. Wakafika mahali penye maji, gari likasimama, akabatizwa, na Biblia inasema akaenda zake akifurahi. Gari lile lile, barabara ile ile. Kwa hiyo we nunua gari yako, alafu Jumamosi pitia wale bibi zetu wa kule bondeni ambao kipindi hiki cha mvua hawafiki ibadani kwa sababu ya tope, wapo kama sita au saba, mama mchungaji ana majina yao, na wengine wenye magari humu mjiandikishe kwake leo leo kabla hamjaondoka.

Tusimame tuombe. Wale mliostaafu na mliosimamishwa kazi naomba mje hapa mbele, wazee watawawekea mikono.